Bado Fikirini

Jumapili, Aprili 6

Hemedy, huna haya. Naliandika hili la kwanza, juu kabisa, ili kila atakayefungua daftari hili aanze nalo. Mtu mgonjwa huji ukamwambia avae kanzu yake ya Idi, akakaa kitini barazani toka asubuhi, halafu ukatokea adhuhuri na simu mkononi kusema, "Bibi, imeahirishwa." Imeahirishwa! Kama harusi ya wanasesere. Nani alikufundisha wewe kufunga kamba za viatu? Si huyo huyo uliyemwacha hapo kama furushi linalongoja gari?

Haya, nieleze. Mwenyewe kaniagiza: ukiandika, Dada, mweleze asiyekuwepo.

Mimi ni Mwanajuma. Mwalimu Zaidi ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini, na shule nikaiachia darasa la pili ili yeye asiikose. Sijutii, na asinipe mtu pole. Mke wake katangulia mbele ya haki, mtoto Mungu hakuwajaalia, basi amerudi kwangu. Ana ugonjwa wa koo. Dar es Salaam walimtazama, wakamkata hapa shingoni, wakasema mpelekeni nyumbani akapumzike. Sauti imekwenda yote. Mtu ambaye akikemea uwanjani ng'ombe wa ng'ambo wanainua vichwa, leo anasema kwa chaki kwenye kibao cha mtoto wa chekechea.

Kwa kibao hicho ndipo aliponiandikia: "Andika kila siku." Nikamwambia mpunga wangu uko bondeni unaliwa na ndege, niache kuuamia nikae kuandika, umekuwa mkoloni? Akafuta, akaandika: "Mstari mmoja." Basi ndiyo naandika. Yeye atasahihisha kwa kalamu nyekundu, na nikiandika vizuri ataniwekea alama ya vema. Mtu mzima na mvi zangu.

Hiyo sherehe ni hivi. Kata imeamua kumpa heshima. Uwanja wa shule utaitwa jina lake, atapewa ngao, na wasichana watacheza mpira: timu ya sasa na mama zao, maana hao mama nao aliwafundisha yeye. Jambo jema, sina neno. Ila kamati ya sherehe, anayoiongoza huyu Hemedy, haiwezi hata kupiga chafya bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi kasema mvua imeharibu barabara, gari lake halitoki Kibiti. Gari! Wanawake wametoka bondeni kwa mitumbwi, kanga zimelowa mpaka kifuani, mpunga wameuacha wazi, na wamefika. Mwenye gari ndiye hakufika.

Sisi hapa mtu husifiwa akiwa kwenye jeneza. Akiwa hai anaambiwa kasoro zake. Mimi nataka mdogo wangu asikie sifa zake kwa masikio yake mwenyewe. Hilo tu. Sina dua nyingine mwaka huu.

Jumatatu, Aprili 7

Mvua. Kaniwekea vema. Chini yake kaandika kwa wekundu: "Vizuri, lakini unatukana sana." Sitaki kubishana na mgonjwa.

Alhamisi, Aprili 10

Mvua. Uji, nusu kikombe.

Jumapili, Aprili 13

Amekuja Fikirini. Huyu ni mtani wetu, Mmatumbi wa milimani, na mtani hana hodi. Kapita moja kwa moja mpaka kitandani, kashika kiuno, kasema, "Bado hujafa tu? Mimi baiskeli yako nimeshamwahidi mtu."

Zaidi akacheka. Kucheka kwake siku hizi ni mabega tu. Akaandika kibaoni: "Haina tairi."

Fikirini akakigeuza kibao juu chini, akakirudisha, akaninyooshea mimi. "Mke wangu, maiti wako anasemaje?"

"Mimi si mke wako. Mke wako alikukimbia kwa uvivu. Anasema baiskeli haina tairi."

"Basi afe na tairi mbili, tena mpya. Sitarithi chuma kitupu."

Fikirini hajui kusoma. Hapa kwetu hilo ni ajabu kuliko mtu kuwa na pembe, na sababu yake ni huyu aliyelala. Wakati wa mpunga sisi huhamia bondeni, tunakaa juu ya madungu kulinda shamba, na watoto tunao. Shule hubaki na popo. Walimu wengine walikuwa wakitusema kwenye vikao kwamba hatupendi elimu. Zaidi hakusema. Alipanda mtumbwi na mpira kwenye wavu na boksi la chaki, akatufuata. Alicheza na watoto pale mto unapoacha mchanga, wa kiume na wa kike, na sheria yake ilikuwa moja: asiyefundisha hachezi. Kila mchezaji achukue mtu mzima mmoja wa kwenye dungu lao amfundishe herufi. Kabla ya mechi yule mtu mzima asimame mbele ya watu asome mstari. Akishindwa, mtoto anakaa nje.

Uliona wapi? Wale wababa waliokuwa wakisema mtoto wa kike na bukta wapi na wapi, ukipita jioni unawakuta wameinama juu ya dungu, ba, be, bi, jasho linawatoka, kwa kuwa binti ni golikipa na mechi ni kesho. Mimi, niliyekuwa nimeshasahau herufi za darasa la pili, nilifundishwa na Muzdalifa, alikuwa mtoto mdogo wa dungu la pili, ana makamasi na ukali wa askari. Leo Muzdalifa ni nesi wa zahanati yetu na binti yake Johari ndiye golikipa. Wanawake wa bonde hili wanasoma maandishi ya dawa, wanasoma karatasi kabla ya kutia dole, na wakiona uongo wanausema. Yote yametoka kwenye mpira.

Amebaki Fikirini peke yake. Kila msichana aliyempata aliishia kukaa nje ya uwanja analia. Ukimuuliza anasema, "Nikijua kusoma nitajua mnayonisema."

Jumanne, Aprili 22

Hemedy kaja na tarehe mpya, Mei tatu. Na kaja na jingine. Amezing'oa nguzo za magoli.

Zile nguzo ni mikoko. Zaidi na wazee wa wachezaji waliziteremkia delta, wakazivuta nyuma ya mitumbwi, wakazichimbia kwa mikono. Mchwa umekula paa la ofisi ya mwalimu mkuu, umekula na kabati lake, nguzo zile haujazigusa. Sasa Hemedy kachomelesha za chuma huko Kibiti, kazipaka rangi nyeupe.

Nikamuuliza, "Zile zilikukosea nini?"

"Bibi, mgeni rasmi hawezi kupigwa picha kwenye miti."

"Ziko wapi?"

"Nimezilaza nyuma ya vyoo."

Zaidi aliandika haraka mpaka chaki ikakatika: "Zisichomwe." Nikamwambia Hemedy kabla jua halijazama zote ziwe uani kwangu, na mitambaa panya yake. Ameleta. Zimelala chini ya ukingo wa paa. Zaidi aliomba kiti kisogezwe dirishani ili azione.

Jumatano, Aprili 23

Hakuna jipya. Vema.

Jumamosi, Mei 3

Mgeni rasmi ameitwa kwenye kikao. Tumeambiwa saa sita, watu wameshakaa.

Mwanabaraka, mmoja wa wale mama wachezaji, ili aje alimwacha mama mkwe wake, mzee asiyeona mbali, aamie shamba. Kurudi, ndege wameshuka upande wa mashariki wote. Amenipigia simu analia, nimemwambia nyamaza, tutagawana wangu.

Jioni nilimnyanyua Zaidi kutoka kitini kumrudisha kitandani. Nilimnyanyua peke yangu, sikuhema. Hapo sitaandika zaidi.

Jumatatu, Mei 12

Jua. Mpunga unaanza kuwa na rangi. Nguruwe wamepita kwa jirani.

Alhamisi, Mei 15

Hakuniwekea vema. Si kwamba nimekosea. Kalamu ilimponyoka, ikaviringika chini ya kitanda, akanionyesha kwa kidole kwamba niiache.

Jumapili, Mei 18

Nimemkuta Hemedy chumbani kwa Zaidi. Hakujua nimerudi. Ameweka beseni chini anamwosha miguu, polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayesafisha dagaa wa thamani. Nilikuwa nimebeba maneno yangu toka kisimani, yakanishinda kutoka.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Hemedy, tuambiane. Kwa nini mnamsubiri huyo mtu? Fungua uwanja wewe. Wewe una mdomo, una mikono, na jina la Mwalimu unalijua."

Akamwaga kwanza maji ya beseni. Halafu akasema, "Bibi, ule uwanja uko karibu na barabara. Kuna watu wameshaupima kwa macho. Mimi nikisema ni uwanja wa Mwalimu Zaidi, kesho wanaugawa viwanja vya kujenga maduka. Mkubwa akisema mbele ya watu na ikapigwa picha, hakuna atakayethubutu."

"Mbona hukusema?"

"Ungenipa nafasi ya kusema?"

Kijana ana jibu. Nimempa chai. Yale ya mwanzo wa daftari siyafuti, maana aliyatenda, lakini mtu asome na hili.

Ila nilimwambia na langu: uwanja unaweza kungoja, koo haliwezi.

Jumatatu, Mei 26

Muzdalifa kaja na dawa ya maumivu. Kamchoma, kamfunika, kaenda kusimama nyuma ya jiko. Nilimfuata. "Huyu mtu alinipigia makofi kwa mara ya kwanza maishani," akasema. "Nilikuwa nimefungwa mabao, yeye anapiga makofi." Nikamwambia afute machozi kabla hajarudi ndani, mgonjwa anasoma nyuso sasa kuliko vitabu.

Jumamosi, Juni 7

Idi ya Kuchinja. Hakuweza mchuzi. Alinusa tu, akatikisa kichwa kwamba umekolea.

Tarehe imetoka tena: Jumamosi ijayo. Hemedy anaapa mara hii ni kweli.

Jumamosi, Juni 14

Nitaandika yote, hata mkono ukifa ganzi.

Tulimpeleka asubuhi. Nyumba yangu iko nyuma ya goli la kaskazini, si mbali, Hemedy na wenzake walimbeba na kiti chake. Uwanja umefagiwa. Wamepiga mistari kwa majivu ya pumba, kama alivyowazoesha yeye. Kulikuwa na turubai moja, na chini ya turubai viti vyenye vitambaa vyeupe na fundo nyuma, na katikati kochi jekundu lililofunikwa nailoni. Kiti cha Zaidi wakakiweka pembeni, nusu juani. Nikauliza kwa nini haketi kochini. Mshereheshaji, kijana wa kukodi, akaniambia, "Itifaki, mama." Nikamwambia itifaki yako ikome pale kivuli kinapoanzia, nikasogeza kiti cha mdogo wangu mwenyewe.

Wanawake walikuwa wameshafika. Huu ni wakati wa kuvuna, mpunga umeinama, mtu aliyeliacha shamba lake leo ametoa kitu kikubwa. Kila mmoja alipita mbele yake, akampa mkono. Mama wale wenye matumbo na magoti mabovu wamevaa jezi juu ya madera, wanachekana. Mwanabaraka kaniambia, "Bibi, leo nitamfunga Johari mpaka aombe kuolewa." Zaidi alikuwa anatazama huku na huku. Macho yake yalikuwa ya zamani. Niliyaona.

Tukakaa.

Jua likapanda. Wasichana wamepanga mstari na jezi mpya, wameambiwa wasiguse mpira wasije wakachafuka kabla mgeni hajawaona. Kila baada ya muda mshereheshaji anasema mgeni yuko njiani. Amepita Kibiti. Yuko Ikwiriri, anapata chai. Adhuhuri ikaingia, watu wakaenda kuswali, wakarudi, kochi jekundu liko vile vile, kuku amepanda juu ya nailoni. Zaidi aliandika: "Mpira?"

Nikamwita Hemedy. "Anataka mpira."

"Mwalimu, kidogo tu. Kidogo tu, Mwalimu wangu. Wameshavuka."

Zaidi alifuta kwa kiganja, akaandika tena lile lile: "Mpira?" Hemedy aligeuza uso. Nilimwona anautazama uwanja ule mpana, na ile barabara, nikajua anachopima. Sikumtukana. Lakini nilisimama, nikawaambia wale wasichana kwa sauti yangu yote, na sauti ninayo ya kuwagawia wawili: chezeni! Walimtazama mwalimu mkuu wao. Mwalimu mkuu akatazama chini. Hakuna aliyeinua mguu. Watoto aliowafundisha kukimbia, wamesimama kama vigingi.

Alasiri kichwa cha Zaidi kililala begani. Muzdalifa akamshika mkono, akaniambia, "Bibi, twende naye." Vijana walikuwa wanahangaika kugeuza kiti. Sikuwangoja. Nilichuchumaa, nikamweka mgongoni, nikafunga kanga kiunoni, nikaondoka naye kukatisha uwanja katikati, juu ya mistari ya majivu. Safari hii miguu haikuburuza. Aliikunja ubavuni kwangu kama mtoto. Watu wote walisimama.

Nilikuwa nimeshamlaza, namlowesha midomo kwa pamba, ndipo magari yakaja. Tulisikia ving'ora. Kumbe si mgeni rasmi, ni mwakilishi wake. Ana haraka, ana pengine pa kwenda. Spika ziko juu ya mti, nyumba yangu iko pale, kila neno linaingia dirishani. Akasoma hotuba aliyoandikiwa:

"Tumekusanyika hapa kumuenzi marehemu Mwalimu Zaidi, ambaye ametutoka lakini kazi yake itadumu."

Watu wakapiga kelele. Nasikia Mwanabaraka anapaza, "Yuko hai! Yuko pale!" Yule bwana akadhani ni vilio vya msiba, akasema poleni, poleni sana, akaendelea. Marehemu alikuwa mfano. Marehemu hakuchoka. Marehemu alifuata watoto mashambani. Maneno yote niliyoyaombea toka mvua za kwanza, yote yakasemwa, mazuri, moja moja, na kila moja lina sanda.

Sikuwa na pa kumfichia masikio yake. Nilitaka kufunga dirisha, akanishika mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba kibao. Akaandika: "Bado."

Mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka, mdogo wangu. Mimi sikuweza.

Uwanja umepewa jina lake, picha zimepigwa. Mechi haikuchezwa, magharibi iliingia. Hemedy alileta ngao, ya kioo, akasimama mlangoni hawezi kuingia. "Bibi, nimewapa karatasi ya wasifu, mimi sikuandika marehemu, wallahi sikuandika." Nikamwambia najua. Ingia. Hakuingia. Aliiweka ngao kizingitini akaondoka anapangusa uso kwa mkono wa shati.

Jumapili, Juni 15

Fikirini kaja asubuhi, kapiga kelele toka njiani. "Nimesikia kwenye spika umekufa! Mbona hamkuniita kuchimba? Nani kala ubwabwa wangu?"

Zaidi alionyesha kibao. Lile neno la jana sikulifuta. Akachukua chaki, akaongeza neno moja chini yake, kwa shida, herufi zinapanda na kushuka. Muzdalifa alikuwepo, akasoma, akaziba mdomo. Mimi nikasoma, kicheko kikanitoka bila ruhusa yangu.

"Kimeandikwa nini?" Fikirini akauliza.

"Soma."

"Mke wangu, usinifanyie hivyo. Kimeandikwa nini?"

Zaidi alimtazama huku mabega yanatikisika, machozi yanashuka. Kimeandikwa: "Bado Fikirini." Wengine wote tumemaliza herufi, kabaki yeye. Fikirini alitushika mmoja mmoja tumwambie, hatukumwambia. Kaondoka anatulaani na mifugo yetu. Ilikuwa asubuhi njema.

Jumatano, Juni 18

Tumevuna kwangu. Wamekuja wote kunisaidia, hata ambao mashamba yao bado. Nimetwanga kidogo, nimempikia uji wa mchele mpya. Kijiko kimoja. Alikishikilia mdomoni muda mrefu.

Ijumaa, Juni 20

Zaidi amefariki. Mchana. Hapakuwa na mvua.

Jumatatu, Juni 23

Mkono sasa unaweza.

Waliuliza mbao za viunza, za kumfunikia kaburini, zinunuliwe wapi. Nikasema hazinunuliwi mbao hapa. Nguzo za mikoko ziko uani. Hemedy alikuja na msumeno, akazipima kwa mkono, akaanza kukata. Nilisikiliza msumeno ule nikiwa ndani na wanawake, tumemkalia maiti. Mkoko mgumu, unalia. Alimaliza zote yeye mwenyewe, hakumwachia mtu.

Sisi wanawake hatuendi kaburini. Nilingoja barazani mpaka waliporudi, nikamwita. "Zimetosha?"

"Zimetosha, Bibi. Mtambaa panya nimeukata kwa upande wa kichwa."

"Udongo haukumwangukia?"

"Haukumgusa."

Nikamwambia ahsante. Sijawahi kumwambia Hemedy ahsante, alishtuka.

Lakini lipo jambo halikwenda sawa, na lazima liandikwe. Jeneza likitaka kutoka, mtani hulizuia. Hulala njiani, huvaa nguo za marehemu, humwiga anavyotembea, husema huyu alikuwa mchoyo, haendi popote mpaka tulipane. Watu hucheka na huku wanalia, na hivyo ndivyo mtu wetu anavyoagwa. Tulingoja. Wachukuaji wamesimama, jeneza mabegani, wanatazama huku na huku. Fikirini hayupo.

Nilimkuta nyuma ya banda, amekaa juu ya fremu ya ile baiskeli, uso ameufunika kwa kofia yake.

"Inuka," nikamwambia. "Wanakungoja. Mtani halii!"

"Mke wangu, nimetafuta neno la kumtania toka alfajiri. Halipo."

"Sema alikuwa mfupi! Sema alikuwa na masikio! Sema chochote!"

Akatikisa kichwa tu. Mtu mzima, mabega yanamtikisika vile vile kama ya Zaidi, ila hiki si kicheko.

Basi jeneza likatoka kimya, kama la mtu asiye na watani. Hilo ndilo limenikata kuliko ving'ora, kuliko spika, kuliko msumeno.

Alhamisi, Juni 26

Nimeandika mstari huu, nikafungua ukurasa wa Jumatatu kuangalia kama umesahihishwa. Mjinga mimi.

Jumamosi, Juni 28

Hitma imesomwa. Watu wamekula, wamekwenda. Hemedy alibaki akazungukazunguka, nikajua ana neno. Amepigiwa simu: mgeni rasmi amesikitika sana kwa yaliyotokea, anataka kuja mwenyewe siku ya arobaini, na anauliza kama ile mechi inaweza kumsubiri.

Sasa nisikilizeni, maana nimechoka na sitarudia.

Hemedy, mpigie umwambie karibu sana, atakula chakula kama watu wote, ataketi mkekani. Mechi haimsubiri. Itachezwa Ijumaa ijayo baada ya swala, kwenye hizo nguzo zako nyeupe za chuma kwa kuwa ndizo tulizo nazo. Kochi usilete. Mama zao waje na magoti yao mabovu, wasichana wachafuke, na yeyote atakayewaambia wasiguse mpira mleteni kwangu.

Muzdalifa, wewe ulinifundisha herufi, kazi yako haijaisha. Kalamu nyekundu iko chini ya kitanda ilipoviringikia. Ichukue, upitie kurasa hizi toka alipoishia yeye. Nilipokosea, andika nimekosea. Usinihurumie.

Na Fikirini. Mtani aliyelia hutozwa, hiyo ni desturi yenu na yetu, na mimi ndiye ninayekutoza. Johari, mtu mzima wako wa mwaka huu ni yeye. Kesho asubuhi mfuate huko huko alipo, akijificha mwite kwa jina, umwanzishie a, e, i, o, u kwenye mchanga. Akikuambia hataki kujua tunayomsema, mwambie Bibi amesema tunamsema kila siku na mengi ni ya kweli. Kibao cha Mwalimu kiko juu ya kabati na maneno yake mawili, asikiguse mtu, wala vumbi asipanguse. Siku Fikirini akiweza kukisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote uwanjani, ndipo mumpe, akifute kwa mkono wake.